TAHADHARI: Fundi akikwambia diski imekufa, mdai maiti yake

Assalam alaykum. Mwenye kompyuta nyumbani anayetaka kuipeleka mjini ikafomatiwe, yaani ifutwe na kupigwa Windows upya, asome hapa kwanza kabla hajatafuta daladala.

Kuna fundi upande wa Darajani, hapa mjini Unguja. Hana duka lake, amejibanza kwenye kibaraza cha muuza kava za simu. Ana meza moja, kompyuta moja na maneno mengi mazuri. Jina lake sitaliandika kwa sababu shauri lipo kituoni, na pia kwa sababu mchezo huu hauchezi peke yake. Mkimkwepa yeye bila kuujua mchezo wenyewe, mtapigwa kwenye kibaraza cha pili.

Aliyepigwa ni ami yangu, mwalimu wa skuli aliyestaafu. Mashine yake ni ya mezani, zile za ofisini zilizotumika zinazoletwa kutoka Dubai, prosesa (ubongo wa mashine) ya Intel ya kizazi cha nne, RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, GB 8. Ilikuja na diski, pale panapohifadhiwa mafaili, ya kuzunguka. Mimi nikaitoa nikamtilia SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, ya GB 256, na tangu hapo mzee akibonyeza kitufe mashine inawaka kabla hajapata miwani yake. Humo ndani mlikuwa na mitihani yake ya miaka mingi, hesabu za kamati ya msikiti na picha za harusi za wanawe.

Ikaja habari ya Windows 10, mfumo unaoendesha mashine yake. Ni kweli kwamba Microsoft walisitisha masasisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini kusitisha masasisho si kuzima mashine. Kompyuta yenye Windows 10 inawaka kama ilivyokuwa ikiwaka, ila matundu mapya ya usalama hayazibwi tena. Hata hilo wameliwekea muda wa nyongeza kwa watu wa majumbani, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na ipo njia ya kuupata bila kulipa, kwa kuingia na akaunti ya Microsoft na kuwasha hifadhi ya mipangilio. Ami hakuwa na wa kumwambia haya. Aliona tangazo kwenye skrini, akaingia hofu kuwa asubuhi moja mashine haitowaka. Mimi nilikuwa Pemba kikazi. Akaifunga kwenye kanga, akaenda nayo mjini.

Alivyoambiwa ni hivi: Windows 10 imekwisha, lazima ipigwe 11. Kwa kuwa Windows 11 si ya bure, inatakiwa "leseni orijino" ya shilingi 80,000. Gharama ya kufomati ni 30,000. Mashine iache hapa, njoo keshokutwa. Alipokwenda hiyo keshokutwa akapokewa kwa pole: diski imekufa, imefia mikononi, ikabidi itiwe mpya ya 90,000. Tena mpya yenyewe ni kubwa, GB 500 badala ya 256, kwa hiyo mzee ahesabu amepata faida.

Na mzee alihesabu hivyo hivyo. Nani angemlaumu? 500 si zaidi ya 256?

Hapo ndipo palipo na ujanja wenyewe, kwa hiyo nitapaeleza taratibu. SSD ya ami ilikuwa na GB chache lakini ni ya haraka, haina kitu kinachozunguka ndani. Diski ya GB 500 aliyotiliwa ni ile ya kizamani, yenye sahani na sindano, ambayo mafundi wanazitoa kila siku kwenye mashine za watu na kuzitupa kwenye boksi chini ya meza. Ukiangalia GB peke yake unaona umeongezewa. Ukiiwasha mashine unaona imekuwa kobe. Niliporudi nikaifungulia programu ya CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure na inasoma kumbukumbu diski inazojiwekea yenyewe. "Mpya" ya ami ilikuwa imeshafanya kazi saa 31,000 na kitu. Gawanya kwa saa 24: ni zaidi ya miaka mitatu na nusu ya kuwaka bila kuzimwa. Diski iliyotoka dukani leo haina saa hizo. Na rangi ya afya yake ilikuwa ya njano, kwa sababu imeshaanza kuwa na sehemu mbovu.

Hiyo Windows 11 nayo ni kichekesho. Microsoft wanataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambayo kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane hivi. Mashine ya ami ni ya kizazi cha nne. Inawezekana kuilazimisha kwa kuruka ukaguzi, na ndivyo alivyofanya, lakini Microsoft wenyewe wanasema mashine ya namna hiyo haina dhamana ya kupata masasisho. Kwa hiyo mzee alikimbia Windows isiyopata masasisho ya usalama, akalipa, akapewa nyengine ambayo masasisho yake ni bahati nasibu.

Na "leseni orijino"? Nilifungua dirisha jeusi la amri, nikaandika slmgr /xpr. Likajibu kwa kutaja tarehe ya mwisho. Leseni ya mtu wa nyumbani haina tarehe ya mwisho. Inayotaja tarehe ni ile ya maofisi makubwa, ambayo uthibitisho wake hudumu siku 180 na huhuishwa na seva, kompyuta kuu ya ofisi, na kreki nyingi, yaani programu za kuiba leseni, zinajifanya ndiyo hiyo seva. Kwa 80,000 ami alinunua kreki. Ili kreki isishikwe, fundi alikuwa ameuzima ulinzi wa Windows na kuiambia mashine isikague diski C yote. Mlango aliuacha wazi, na mzee anatumia mashine ile ile kusoma barua pepe zake.

Linaloniuma zaidi ni kwamba leseni halali ilikuwepo. Mashine nyingi zilizotoka kiwandani na Windows tangu enzi za Windows 8, mwaka 2012, zina namba ya leseni iliyohifadhiwa ndani ya mazabodi yenyewe, ule ubao mkuu wa mashine. Na Windows 10 ikishathibitishwa mara moja kwenye mashine, Microsoft wanaikumbuka mashine hiyo. Ukiifomati na kupiga toleo lile lile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, ukiulizwa namba sema huna, endelea. Ukiunga intaneti inajithibitisha. Huuziwi kitu. Fundi anayekutoza pesa ya leseni kwenye mashine kama hiyo anakuuzia shati ulilolivaa.

Sasa mafaili. Ami alipouliza picha zake akaambiwa zimekwenda na diski, ila kuna mtaalamu anayeweza kuyafufua kwa shilingi 150,000. Akalipa. Mafaili yakarudi kwenye flashi, yote, kila moja na jina lake, kila folda mahali pake, tarehe hazikubadilika. Mzee alifurahi mpaka akamuombea dua yule fundi.

Mimi nilipoyaona nikajua. Mafaili yaliyookotwa kwenye diski mbovu au iliyofomatiwa mara nyingi hurudi yamevurugika: majina yamegeuka tarakimu, folda hazipo, picha nyengine zimekatika nusu. Haya ya ami yalikuwa yamekopiwa tu, kutoka kwenye SSD nzima isiyo na ugonjwa wowote, ambayo muda wote ilikuwa kwenye droo ya fundi. Diski haikufa wala haikufomatiwa. Ilichomolewa, ikatiwa kongwe pahala pake, kisha mwenye mali akauziwa mali yake kidogo kidogo. Jumla alitoa 350,000 na akarudi nyumbani na mashine mbovu kuliko aliyokwenda nayo.

Nilimfuata. Nikamwambia sitaki ugomvi, nataka ile diski iliyokufa. Akasema ameitupa. Nikamuuliza imetupwa jaa gani, akaanza kunisomea habari za vairasi. Boksi la SSD ninalo, lina namba yake ya utambulisho, na risiti ninayo. Ndiyo nikaenda navyo kituoni.

Kwa hiyo, ukiambiwa kitu kimekufa, iwe diski, RAM au pawasaplai (kile kinachoipa mashine umeme), dai kile kilichokufa. Kibovu ni chako pia. Fundi mwaminifu atakupa bila kununa, na mafundi waaminifu wapo wengi sana hapa Unguja, wanaokwambia hata "hii haina haja ya kufomatiwa, ondoa tu hizi programu." Hao walipeni jasho lao. Kupiga Windows ni kazi, na kazi ina ujira.

Kabla mashine haijatoka nyumbani, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye Performance, upige picha kwa simu ukurasa wa Memory na ukurasa wa Disk. Hapo pameandikwa RAM ni GB ngapi, na diski ni SSD au HDD (ile ya kuzunguka), pamoja na modeli yake. Ukiweza, fungua pia CrystalDiskInfo uchukue namba ya utambulisho ya diski na saa ilizofanya kazi. Kisha fanya hivyo hivyo mbele ya fundi unapoichukua, kabla hujatoa pesa. Mafaili yako yakopi kwenye diski ya nje ibaki nyumbani, usimpe fundi nakala ya pekee ya maisha yako. Na kama ni laptopu mpya mpya, angalia kama diski yake imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha mafaili. Kuna ufunguo wa tarakimu 48, mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, na usipokuwa nao unaweza kufungiwa nje ya mafaili yako mwenyewe baada ya fundi kugusa mipangilio ya mazabodi.

Jambo jengine ni muda. Kupiga Windows kwenye SSD kwa flashi iliyokwisha kutayarishwa hakuchukui saa nyingi, mara nyingi hata saa moja haifiki. Kaa hapo hapo, kunywa kahawa yako. Anayeng'ang'ania uiache mpaka keshokutwa, muulize keshokutwa ya nini.

Ndugu zetu wa Pemba mnaotuma mashine kwa boti mpewe habari hii zaidi, kwa sababu nyinyi ndio mnaopendwa na watu wa aina hii. Mashine inatoka Wete au Mkoani mikononi mwa mtu mwengine, mwenyewe hayupo, na ikirudi hakuna wa kurudi Darajani kulalamika kwa nauli ya boti. Kama tatizo ni mashine kuwa nzito kufanya kazi tu, jaribuni kwanza wenyewe: ndani ya Windows, kwenye Settings, pana sehemu ya Reset this PC. Ukichagua Keep my files, mafaili yako binafsi yanabaki na programu zinaondoka. Hata hivyo kopi kwanza. Kwa kufomati kabisa, programu ya Media Creation Tool ni ya bure kwenye tovuti ya Microsoft, inataka flashi ya GB 8 au zaidi na bando la kutosha, maana inashusha GB kadhaa. Msianze kama umeme unarukaruka na hamna UPS, lile betri la kushikilia umeme ukikatika. Ukikatika katikati ya kazi mtaanza upya.

Kwa mashine kongwe kama ya ami, mimi nimempigia Linux Mint, mfumo mwengine badala ya Windows, kwenye SSD nyengine. Ni ya bure, haina leseni ya kuuziwa, na anachofanya mzee ni kuandika, kusoma barua na kutazama picha. Alinung'unika kwamba vitufe vimehama, baadaye akanyamaza.

Kama umeshapita mikononi mwa mtu kama huyu, badilisha nywila zako zote kwa kutumia simu au mashine nyengine, uanze na barua pepe. Kama amefomati kweli na hukuwa na nakala, usiendelee kuitumia diski hiyo hata kidogo, kila unachoandika kinafuta kilichopo. Programu za PhotoRec na TestDisk ni za bure na zinaweza kuokota kitu kwenye diski ya kuzunguka. Kwenye SSD matumaini ni madogo, kwa sababu yenyewe hujisafisha sehemu zilizofutwa. Kulalamika kuhusu bidhaa mbovu kuna Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, na mtu akichungulia mafaili yako bila ruhusa kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inatumika Bara na huku Visiwani.

La mwisho ni ombi. Kama umenunua SSD ya GB 256 iliyotumika, karibuni, kwenye vibaraza vya Darajani, niandikie. Huna kosa, na sitokunyang'anya, pesa yako tutaizungumza. Nataka tulinganishe namba tu.