Nyumba Kampala kwa mgeni: panga kwanza, na ukitaka kununua hesabu miaka

Mtu anayehamia Kampala kutoka Mombasa, Arusha au Goma ataonyeshwa na dalali vitu vinne: nyumba ya kupanga, kibanja (haki ya kukaa kwenye ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine), nyumba yenye hati ya mailo (umiliki wa kudumu wa ardhi ya Buganda), na nyumba au fleti yenye hati ya lisi, yaani umiliki wa muda maalumu. Viwili kati ya hivyo, kibanja na mailo, mgeni hawezi kuvimiliki kisheria, na ni nadra dalali kulitaja hilo siku ya kwanza. Kwa hiyo uamuzi wetu tunauweka mapema: miaka miwili ya mwanzo panga, hata kama pesa za kununua unazo benki.

Tuanze na huduma ya madalali wenyewe, maana ndio mlango wa kuingilia. Tunawapa alama mbili kati ya tano. Wanazijua Ntinda, Naalya, Kansanga na Kabalagala nyumba kwa nyumba, na kwa siku moja utaona nyumba tano au sita. Tatizo ni mnyororo: aliyepokea simu yako anampigia mwenzake, naye anampigia anayemjua mlinzi wa geti, na wote wanasubiri mgawo. Ada iliyozoeleka ni pango la mwezi mmoja, pamoja na pesa ndogo ya kuonyeshwa ambayo hairudi hata nyumba isipokufaa. Kubaliana kwa maandishi nani anailipa ada hiyo, wewe au mwenye nyumba, kabla hujapanda boda kwenda kuangalia.

Utapeli wa kawaida hapa hauna ufundi mwingi. Mpangaji anayehama anakuonyesha nyumba kama yake, anachukua pango la miezi mitatu, kisha anazima simu. Kinga yake ni rahisi. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa au kijiji, wa eneo, muulize nyumba ni ya nani, halafu lipa kwenye akaunti ya benki yenye jina hilo hilo. Mwenyekiti ataomba chochote kwa barua ya utambulisho. Mpe, barua hiyo utaihitaji tena.

Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 inamlinda mpangaji kuliko wengi wanavyodhani. Mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 na zaidi unatakiwa uwe wa maandishi. Pango hulipwa kwa shilingi za Uganda isipokuwa mmekubaliana vingine, haliongezwi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na hufukuzwi bila amri ya mahakama. Nyumba za Kololo, Naguru na Bugolobi mara nyingi hutangazwa kwa dola. Ukilipwa mshahara kwa shilingi, sisitiza shilingi, vinginevyo ongezeko litakuja kupitia soko la fedha na ile asilimia 10 haitakusaidia kitu.

Kabla ya kusaini, kagua umeme na maji kwa vitendo. Mita ya Yaka, yaani ya umeme wa kulipia kabla, iwe ya kwako peke yako. Mita moja ikihudumia nyumba nne, zile unit 15 za kwanza za mwezi zenye bei nafuu mtazigawana, na ugomvi wa nani katumia pasi hautaisha. Nunua umeme wa shilingi 5,000 ukiwa hapo hapo na usome ujumbe unaorudi: toa VAT ya asilimia 18 na ada ya huduma ya mwezi, na kama bado kuna makato mengine, mita ina deni la mtu aliyetangulia. Kwa maji, uliza tangi lina lita ngapi. Familia ya watu watano inamaliza lita 1,000 kwa siku mbili au tatu, na vitongoji vilivyokua kwa kasi kama Najjera na Kira si mahali pa kutegemea bomba pekee. Nyumba ya bondeni iangalie baada ya mvua kubwa, si asubuhi ya jua. Anayeijua Bwaise, mtaa wa bondeni unaofurika mara kwa mara, hahitaji maelezo zaidi.

Sasa kununua. Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema ardhi ya Uganda ni ya raia wa Uganda. Asiye raia anaruhusiwa lisi tu, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inaweka kikomo cha miaka 99. Lisi ya miaka 5 na zaidi lazima isajiliwe. Dalali atakuambia sote ni Afrika Mashariki, lakini Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza 2010 inaliacha suala la ardhi kwa sheria za kila nchi, hivyo Mkenya au Mtanzania hapa anahesabiwa sawa na Mholanzi. Kufungua kampuni nako hakusaidii, kwa sababu kampuni ambayo usukani wake uko kwa wasio raia inahesabiwa si raia. Njia ya tatu ni kuandika ardhi kwa jina la shemeji au rafiki Mganda. Hiyo ni zawadi, hata mkiiita kitu kingine. Ukitokea ugomvi, hati ndiyo itakayosema.

Kibanja kinavutia kwa bei. Kwenye ardhi ya mailo, ambayo mizizi yake ni Mkataba wa Buganda wa 1900, mwenye hati ni mmoja na anayekaa juu yake kwa haki ya kibanja ni mwingine, akimlipa mwenye hati busuulu, yaani ada ya ardhi, kila mwaka. Karatasi za mauziano zilizogongwa muhuri wa LC1 si hati miliki. Kwa mgeni tunakipa sifuri, bila nusu ya kuhurumia.

Kinachobaki ni lisi, na hapo ndipo hesabu inapofaa kufanywa, kwa sababu unachonunua ni miaka. Chukua mfano wa nyumba inayouzwa shilingi milioni 330 na lisi yake imebakiza miaka 22. Hiyo ni milioni 15 kwa mwaka, sawa na 1,250,000 kwa mwezi, kabla ya rangi, bati na mlinzi. Kama nyumba ya aina hiyo mtaa huo inapangishwa kwa 1,300,000, hujaokoa kitu. Nyumba ile ile ikiwa na miaka 44 mbele inashuka hadi 625,000 kwa mwezi, na hapo mazungumzo yanaanza kuwa na maana. Ila weka pia upande wa pili: hatifungani ya serikali ya miaka 10 ikilipa asilimia 14, milioni 330 zinaleta milioni 46.2 kwa mwaka, na baada ya kodi ya zuio ya asilimia 10 unabaki na milioni 41.58, karibu milioni tatu na nusu kwa mwezi. Unaweza kupanga nyumba mbili kama hiyo na chenji ikabaki. Thamani ya shilingi inaweza kushuka, ndiyo. Lakini na miaka ya lisi nayo inapungua kila siku.

Mkopo wa nyumba kwa shilingi huvuruga hesabu hii kabisa. Kwa riba ya asilimia 16, mwaka wa kwanza wa mkopo wa milioni 200 unakula karibu milioni 32 za riba peke yake.

Ukishaamua kununua, soma hati yenyewe, si nakala ya simu. Tazama tarehe ya kuanza na idadi ya miaka, kisha utafute sharti la ujenzi. Lisi nyingi za bodi za ardhi za wilaya huanza kwa miaka 5 ya majaribio yenye sharti la kujenga, na huongezwa baada ya hapo. Wapo wanaouza nyumba ambayo ile mitano imeisha na nyongeza haijaombwa. Uliza risiti za kodi ya ardhi ya kila mwaka na kama idhini ya aliyetoa lisi inahitajika ili ihamishwe. Fleti za kondominiamu, zinazotawaliwa na sheria ya 2001, zina hati ya kila kitengo na ndizo zinazomfaa mgeni zaidi, mradi ujue jengo limekaa juu ya ardhi ya aina gani. Kama ni lisi, miaka ya jengo ndiyo miaka yako.

Fanya uchunguzi wa hati kwenye ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi, ukiwa na namba ya bloku na ploti au ya juzuu na folio iliyoandikwa kwenye hati. Utaonyeshwa jina la mmiliki, rehani na mazuio ya kuihamisha. Halafu leta mpimaji aliyesajiliwa afungue mipaka, yaani apime na kuonyesha inapopita, majirani na LC1 wakiwepo. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni desimali 11.5 hivi (desimali ni sehemu ya mia ya ekari), hati ikisema 9, ukuta umesimama kwa jirani. Kama muuzaji ana mke au mume na familia inaishi hapo, idhini ya maandishi ya mwenzake ni lazima, la sivyo mauzo yanabatilika. Tenga asilimia 1.5 ya thamani kwa ushuru wa stempu wa uhamisho, na ada ya wakili wako mwenyewe, si yule wa muuzaji.

Na usiiamini hati pekee karibu na maji. Mita 200 kutoka ufuo wa Ziwa Victoria ni eneo la hifadhi, na nyumba zilizojengwa kwenye ardhi oevu ya Lubigi zilibomolewa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, mwaka 2024. Ukiona mafunjo nyuma ya ukuta, rudi garini.