"Dada, ni paka tu": yaliyonikuta kwenye duka la dawa za mifugo hapa Dodoma

Ninaandika nikiwa bado nina hasira, mnisamehe. Nilijiambia nisubiri zipoe, na hazijapoa.

Duka lenyewe silitaji. Lipo mjini, na wafugaji wengi wa hapa mtakuwa mmeshaingia. Mimi nilikuwa mteja wao tangu nihamie. Chanjo ya kideri ya kuku wangu nilikuwa naichukua pale, inatoka kwenye friji inayofanya kazi, na umeme ukikatika wanakwambia ukweli kwamba leo hatuuzi. Kwa hilo sina ubaya nao. Ndiyo maana niliwaamini na paka.

Paka wangu anaitwa Msafiri. Ni dume, wa kijivu, kahasiwa. Nilihama naye kutoka Dar ofisi yetu ilipohamia huku, kwenye boksi la sabuni, nimemweka miguuni, basi zima linasikia kilio chake mpaka Gairo. Dar alikuwa anakula wanachokula paka wote: vichwa vya samaki wa Feri na ukoko wa ugali uliolowa mchuzi. Huku samaki wabichi wa Mtera wanafika, lakini mimi natoka kazini jioni na sokoni nakuta yameshabaki magamba. Nikaanza kumnunulia punje. Zile kavu, wanazopima kwa kilo, elfu 8, wanakutilia kwenye mfuko wa kaki. Nilijiona nimepiga hatua, kwamba paka wangu sasa anakula chakula cha paka.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya kiangazi, ule upepo wetu wa vumbi umeshaanza. Narudi jioni, namkuta ndani ya beseni la kufulia. Amechuchumaa, anakamua, anatoka, anajilamba chini, anarudi. Nikadhani amefunga choo. Nilipowasha taa ndipo nikaona kwenye lile beseni jeupe tone moja tu, dogo kama kichwa cha kiberiti, la rangi ya waridi. Usiku kucha alikuwa anaingia na kutoka kwenye beseni. Asubuhi alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nzito, kama mtoto aliyekabwa.

Nikakimbilia dukani. Mwenye duka alikuwa anampimia mtu chakula cha vifaranga.

"Shikamoo mzee. Paka wangu hakojoi tangu jana."

"Marahaba. Anakula?"

"Hagusi kitu."

"Homa hiyo. Mpe panadol, nusu kidonge. Saga, changanya na maziwa."

"Panadol hii hii ya watu?"

"Hii hii."

Nikamwuliza kama kuna daktari anayeweza kumwangalia. Hapo ndipo akaacha mizani, akanitazama, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Dada, ni paka tu. Huyo akifa si unaokota mwingine?" Waliokuwepo wakacheka. Mmoja akadakia kwamba kwao Kibaigwa paka hawalishwi, wanajitafutia panya.

Sijui kwa nini sikumjibu. Nimemjibu mara elfu tangu siku ile, nikiwa naosha vyombo, nikiwa kwenye bajaji, nikiwa kitandani. Siku ile nilisema "haya, asante mzee" na nikatoka. Asante! Nilimshukuru!

Nikiwa nje nikasikia "Anti, subiri." Ni yule binti anayewasaidia mle dukani. Alichana kipande cha boksi, akaandika namba ya simu ya daktari wa mifugo, akaniambia mpigie sasa hivi, dume asipokojoa ni hatari. Akarudi ndani mbio kabla hajaitwa.

Sasa naomba niseme ukweli wote. Pamoja na ile namba mkononi, nilifika nyumbani nikasaga kwanza ile panadol. Nilikuwa nimeshazoea kwamba mzee wa duka anajua. Nikaikoroga kwenye maziwa, nikamsogezea Msafiri mdomoni. Akageuza uso. Nikamsogezea tena, akageuza. Ndipo nikapiga simu.

Dokta alinisikiliza nusu tu. "Umempa?"

"Amekataa."

"Mwaga. Mwaga sasa hivi, nisikie."

Nilimwaga maziwa kwenye sinki huku simu iko sikioni. Alinieleza baadaye kwamba ini la paka halina uwezo wa kuivunja parasetamoli kama letu. Inabaki mwilini inaharibu damu, damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka kahawia. Kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha kuua paka, na hata nusu inaweza. Maziwa yenyewe paka wengi wakubwa yanawaharisha. Yaani kila kitu nilichoambiwa pale dukani kilikuwa kibaya, kuanzia dawa hadi cha kuchanganyia.

Tulifika kwa dokta na kikapu cha sokoni kilichofunikwa kanga. Alimgusa tumbo chini akasema kibofu kimekuwa kama chungwa. Kumbe njia ya mkojo ya dume ni nyembamba sana kuelekea mwishoni, na kikijikusanya kitu kama mchanga au ute, inaziba. Mkojo usipotoka, sumu inarudi kwenye damu, potasiamu inapanda, moyo unasimama. Siku mbili, tatu, paka amekwenda. Alimchoma sindano ya usingizi, akapitisha mpira mwembamba wa mkojo, na kilichotoka kilikuwa na rangi ya juisi ya rozela. Hiyo rangi siisahau. Akamwekea dripu, Msafiri akalazwa pale siku 3.

Siku ya pili dokta akasema niletee mfuko wa chakula anachokula nisome. Nikamletea mfuko wa kaki. Akaugeuza huku na huku, hauna neno hata moja. Akamwaga punje mezani, akazitenga kwa kidole: za duara za kahawia na nyekundu zenye umbo la mfupa. Hakusema kitu, akaniuliza tu kama niliwahi kukiona kiroba kinachotoka.

Nilikwenda kukiona. Kipo kwenye kona, kimegeuzwa uso ukutani, kimekunjwa mdomo na upawa umechomekwa juu. Nilikivuta kidogo. Picha ya mbwa! Mbwa mkubwa mweusi, ulimi nje. Miezi yote ile nimekuwa nikimlisha Msafiri chakula cha mbwa kwa bei ya chakula cha paka, na kiroba kimegeuziwa ukutani.

Nikamwambia mzee. Akajibu, "Mbwa na paka si wanyama wote?" Nikamwambia paka alikuwa anakufa. "Si kapona?"

Si wanyama wote, mzee. Mbwa anaweza kuishi na mchanganyiko wa nafaka na nyama, paka ni mla nyama wa kuzaliwa. Kuna kitu kinaitwa taurini ambacho mbwa kwa kawaida hujitengenezea mwilini na paka hawezi kujitengenezea cha kumtosha, lazima akile. Asipokipata miaka inavyokwenda anapofuka na moyo unalegea. Watafiti Marekani walionyesha mwaka 1987 kwamba paka wengi waliokuwa wanakufa kwa ugonjwa wa moyo walikuwa wamepungukiwa kitu hicho hicho, na baada ya hapo watengenezaji wakaanza kukiongeza kwenye chakula cha paka. Cha paka. Mambo haya niliyasoma usiku ule Msafiri akiwa kwenye dripu, nikiwa sina usingizi.

Dokta mwenyewe alikataa kunipa ninachotaka, nami namheshimu kwa hilo. Nilitaka aseme chakula cha lile duka ndicho kilichoziba mkojo. Akasema hawezi kusema hivyo. Msafiri kahasiwa, kanenepa, anashinda ndani peke yake, na zaidi ya yote hanywi maji. Asili ya paka ni nyika kavu, kiu yake ni ndogo, maji yake anayategemea ndani ya windo. Panya sehemu kubwa ya mwili wake ni maji. Punje kavu, ziwe za mbwa au za paka, zina maji kama asilimia 10 tu. Kwa hiyo hata ningenunua punje halali, pengine yangetokea. Akaniuliza na maji ninayompa. Nikamwambia ya bomba. Mnayajua maji yetu, birika langu lina gamba jeupe kama chokaa. Akasema hilo nalo hawezi kulitia hatiani, ila nimwekee maji mengi, mabichi kila siku, mbali na sahani ya chakula.

Basi kwa chakula pengine namwonea mzee. Pengine. Kwa panadol simwonei. Na kwa kile kiroba kugeuzwa ukutani simwonei hata kidogo, mtu hageuzi kiroba bila kujua kwa nini anakigeuza.

Siku hizi Msafiri anakula hivi: mioyo ya kuku na filigisi ninazochemsha bila chumvi wala kitunguu (kitunguu na kitunguu swaumu vinaua chembe nyekundu za damu za paka), namimina na supu yake yote, maana dokta anasema taurini inahamia kwenye supu. Ini kidogo mara moja kwa wiki, si kila siku. Nyama peke yake haina kalsiamu ya kutosha, kwa hiyo nachanganya na chakula cha paka cha pakiti iliyofungwa, chenye maandishi, nakilowesha maji ya vuguvugu mpaka kinavimba. Na nimemwekea chungu kidogo cha udongo kibarazani. Ajabu, humo anakunywa. Namsikia usiku akilamba maji, naamka nakaa tu namsikiliza.

Ushauri wangu kwenu wa Dodoma: chanjo ya kuku nendeni, ni nzuri. Hapana, naifuta hiyo. Mtu anayekwambia saga panadol anaweza kukwambia lolote kuhusu kuku pia. Ingawa wiki iliyopita vifaranga vya jirani vilipohitaji chanjo ya kideri nilimwelekeza pale pale, kwa sababu jirani na pale hakuna friji nyingine ninayoiamini. Hilo linaniuma.

Nyota moja. Nilitaka kuongeza ya pili kwa ajili ya yule binti, lakini alichofanya yule binti alikifanya nje ya mlango, kwa kujificha. Jana nimempelekea kitenge. Nilimsubiri ng'ambo ya barabara mpaka alipotoka.