Tathmini ya kanzidata ya WIDE: je, inatuambia nani anafika chuo kikuu?

WIDE ni kanzidata ya mtandaoni isiyotozwa ada, inayosimamiwa na waandaaji wa ripoti ya UNESCO ya ufuatiliaji wa elimu duniani, na kazi yake ni kuonyesha jinsi elimu inavyogawanyika ndani ya nchi moja kwa ukwasi wa kaya, jinsia, makazi ya mjini au kijijini na, pale takwimu zinaporuhusu, kabila au dini. Naitathmini kwa matumizi mamoja tu, yaani kupima kama wingi wa wanafunzi wa vyuo vikuu umewafikia pia watoto wa familia maskini.

Jumla za dunia hazijibu swali hilo. Mwaka 2000 elimu ya juu ilikuwa na wanafunzi wapatao milioni 100. Kufikia 2023 walikuwa milioni 264. Uwiano ghafi wa uandikishaji, unaopatikana kwa kugawanya wanafunzi wote wa ngazi hiyo, wa umri wowote, kwa idadi ya vijana wa miaka mitano inayofuata baada ya sekondari, ulipanda kutoka asilimia 19 mwaka 2000 hadi 38 mwaka 2018. Kipimo hicho kina vituko vyake (nchini Ugiriki kimevuka asilimia 100, kwa kuwa wengi wasiomaliza huendelea kuhesabiwa daftarini), na hakigusi kabisa hali ya nyumbani kwa mwanafunzi.

Hapo WIDE inastahili sifa. Mtumiaji huchagua kiashiria, kwa mfano kuhudhuria elimu ya juu kwa wenye miaka 18 hadi 22, kisha akakigawa kwa mafungu matano ya ukwasi, na pengo kati ya fungu la chini na la juu huonekana papo hapo.

Tatizo limo ndani ya hilo neno ukwasi. Kwa nchi nyingi zenye kipato cha chini na cha kati, takwimu hutokana na tafiti za kaya kama DHS (utafiti wa idadi ya watu na afya) na MICS (utafiti wa viashiria vingi unaoungwa mkono na UNICEF), ambazo haziulizi mshahara bali huangalia sakafu ya nyumba, chanzo cha maji, umeme, na vyombo kama redio au jokofu. Kwa mtoto wa shule ya msingi anayeishi na wazazi wake, njia hiyo inatosha. Kwa mwanafunzi wa chuo haitoshi: aliye bwenini kwa kawaida hayumo kwenye sampuli, maana tafiti hizi hupita kwenye kaya, na aliyepanga chumba mjini hupimwa kwa chumba hicho, si kwa nyumba ya wazazi iliyouza mazao ili asome. Kiashiria cha kuhitimu kwa wenye miaka 25 hadi 29 kina kasoro kubwa zaidi, kwa sababu ukwasi unaopimwa ni wa leo, baada ya shahada kuanza kulipa. Kinaonyesha kwamba wahitimu wanaishi katika kaya zenye nafuu. Hakithibitishi kwamba walitoka humo. Onyo la namna hii lingepaswa kukaa juu ya mchoro wenyewe.

Kuhusu fedha za serikali, WIDE haina msaada. Itabidi kwenda kwa Taasisi ya Takwimu ya UNESCO yenye makao Montreal. Huko kuna matumizi ya serikali kwa kila mwanafunzi kama asilimia ya pato la taifa kwa kila mtu, kipimo kinachoshuka uandikishaji unapopanda hata kama bajeti haijapunguzwa senti moja, na kinachoweza kupanda uchumi ukisinyaa. Katika hesabu za OECD, jumuiya ya kiuchumi ya nchi nyingi zilizoendelea, mikopo ya wanafunzi huingizwa yote kwenye matumizi ya serikali inapotolewa bila kuondoa marejesho, kwa hiyo serikali inayokopesha yaweza kuonekana karimu sawa na inayotoa ruzuku.

Kwa mwalimu au mwandishi wa habari anayetaka kuonyesha ukubwa wa pengo, naipendekeza WIDE bila kusita, mradi atumie viashiria vya sekondari, ambako vijana wengi bado wako kwa wazazi. Anayeandaa hoja ya mikopo au ada asiitegemee peke yake; atafute kwanza tafiti zilizouliza elimu ya wazazi wa mhojiwa, kwani hiyo haibadiliki mtoto akishahitimu.