Kutoa kifusi Tanga: guta, kirikuu, kenta au tipa?

Wadau wa Tanga mnaobomoabomoa nyumbani, kama kazi yako ni choo kimoja au ukuta mmoja au jiko la zamani la uani, chukua kenta, lile lori dogo la kubeba tani 3, na usihangaike. Nasema hivi baada ya kukarabati nyumba ya familia hapa Ngamiani, choo, ukuta wa uani na paa la banda, na mizigo yake ilitoka kwa magari tofauti kwa hiyo nina cha kulinganisha. Watu tunapanga hela ya saruji, nondo, mchanga, fundi na saidia fundi, mpaka hela ya chai ipo kwenye hesabu, afu kifusi kinakumbukwa kikiwa kimeshaziba mlango na mwenyekiti wa mtaa ameshapita kuangalia. Hapo dereva akija anaona kabisa umebanwa na bei anayotaja ni ya mtu aliyebanwa.

Kifusi angalia uzito kwanza, ukubwa wa bodi baadaye. Zege gumu la mita moja ya ujazo lina uzito wa karibu tani 2 na nusu. Ukilivunja linavimba, kwa sababu vipande havilali vizuri vinaacha matundu katikati, kwa hiyo lundo linakuwa kubwa kuliko ule ukuta uliokuwa umesimama, kwa tofali na plasta hesabu lundo litazidi kama kwa nusu hivi, ila kilo ni zilezile. Ndo maana mtu akiliangalia lundo kwa macho tu anakosea pande zote mbili.

Wenzetu Marekani wanakodi kontena la chuma, lori linalileta linaliweka mlangoni, unajaza taratibu siku zako, ukimaliza wanakuja kulichukua. Yanapimwa kwa yadi za ujazo, 10, 20, 30 mpaka 40, na yadi moja ya ujazo ni kama robo tatu ya mita ya ujazo. Ungedhani mwenye zege angepewa lile kubwa, kumbe kwa kawaida anapewa la 10, maana la 40 likijazwa zege hakuna lori la kulinyanyua. Yale makubwa ni ya mbao, makochi, mabati, vitu vinavyojaza nafasi bila kuwa na uzito. Huku kwetu sijaona mtu wa kukuwekea kontena mlangoni kwa kazi ndogo ya nyumbani, ila hesabu ni ileile, tofauti ni kwamba sisi tunachagua gari.

Sasa kirikuu. Hii ndo wengi wanaikimbilia kwa sababu ipo kila kona na bei ya tripu inaonekana ndogo. Suzuki Carry hizi ndogo kule Japani zinaruhusiwa kubeba kilo 350 tu. Bodi yake ina urefu wa karibu mita 2, upana kama mita 1.4 na ubao wa pembeni una sentimita 29, ukizidisha unapata kama 0.8 ya mita ya ujazo, na kifusi cha kujaza hapo ni zaidi ya tani 1. Yaani bodi ikijaa tu usawa wa ubao umeshapitisha mara tatu ya uwezo wake. Ya kwangu ilipopakiwa nilisimama nyuma nikaiangalia, springi zimelala kabisa, tairi za nyuma zimebonyea ukingo unagusa chini, taa za mbele zinaangalia juu, na kijana anawasha anaondoka hivyohivyo kuingia barabarani kwenye bodaboda na watoto wa shule. Breki za gari lile hazikutengenezwa kwa mzigo ule. Dereva makini atakwambia napakia theluthi ya bodi, na theluthi ya bodi ukiihesabu kwa tripu zote utalipa zaidi ya kenta.

Tuchukue choo cha kawaida, mita 1.5 kwa 2, unang'oa marumaru za ukutani mpaka usawa wa mita 2 pamoja na plasta yake, unavunja na sakafu sentimita 10. Ukutani unatoka kama 0.4 ya mita ya ujazo, sakafuni 0.3, jumla 0.7, ikivunjika inakuwa kama mita 1 na uzito wake tani 1 na nusu hivi. Kwa macho utasema hii tripu moja ya kirikuu na kidogo. Kwa kilo halali za kirikuu ni tripu nne na bado kuna kinachobaki. Kenta ya tani 3 inabeba mara moja na bodi haijajaa, unaweka na yale masinki ya zamani juu yake.

Ukuta wa mita 3 kwa 3 wa tofali za inchi 6 zile ngumu, umepigwa plasta pande zote, huo una tani 3 na lundo la mita 2 za ujazo na ushee. Hapo kenta inajaa kabisa na unaweza kubakiwa na toroli kadhaa. Kama huna uhakika pima kwa ndoo, ndoo 50 za lita 20 ni mita moja ya ujazo, mwambie saidia fundi ahesabu anapotoa, haimchukui muda wowote na ukimpigia dereva unaongea namba.

Kenta niliyoipata ni ya vijana wa kijiwe cha magari ya mizigo huku Makorora na nawapa nyota zote. Dereva alikuja kwanza kuangalia mzigo kabla ya kutaja bei, kitu ambacho wa kirikuu hakufanya, yeye alitaja bei kwenye simu. Huyu alisalimia shikamoo mama vizuri, akalizunguka lundo, akachomeka koleo katikati kuona chini kuna nini, akasema "Mama hii yangu ni ya tani 2, nisikudanganye, huu mzigo nikipakia wote naua gari, kuna kaka yangu ana ya tani 3 na nusu nikuitie?" Nikamwambia muite mwanangu. Kijana amekataa hela mkononi kwa sababu anajua gari lake, huyo ndo mtu wa kumpa kazi. Kaka yake akaja na turubai, na turubai usiipuuze kabisa, vumbi la plasta linaporuka barabarani linawaingia watu wa nyuma machoni na upepo wa huku kwetu kutoka baharini mnaujua wenyewe.

Bei sitaji maana inapanda na kushuka na mafuta na inategemea unaishi wapi, ila kwa niliyolipa tripu ya kenta ilikuwa kama mara mbili na nusu ya kirikuu, na imebeba zaidi ya mara tano ya kile ambacho kirikuu inapaswa kubeba.

Jambo la kuulizia mapema ni kupakia na kushusha. Kenta nyingi bodi yake hainyanyuki, kwa hiyo huko inakokwenda lazima watu wapande washushe kwa koleo, na hao watu nani anawalipa? Mkubaliane kabla gari halijawasha, bei ni ya gari tupu au na vibarua, na likisubiri kupakiwa muda mrefu linaongeza au haliongezi. Mimi nilikuta vibarua wawili wanakuja na gari na wamo kwenye bei, nikafurahi sana.

Tipa, yaani Fuso la kumwaga, ni zuri kwa kazi kubwa, kubomoa nyumba nzima ya uani au kuchimba karo, linashusha lenyewe dakika moja limemaliza. Kwa choo kimoja ni hasara, unalipia nafasi ambayo huijazi. Na kupakia kwa mkono ni mateso kwa vijana, ubao wake uko juu kupita kichwa cha mtu, kijana anarusha koleo nusu inarudi chini, wakati kenta ubao ukifunguliwa upande mmoja unamwaga toroli kupitia ubao uliolazwa. Halafu mitaa yetu ya Ngamiani tipa likiingia angalia mfuniko wa mtaro, angalia bomba la maji lililopita juujuu, na kama ndo unalitumia kuleta kifusi cha kujazia kwako angalia nyaya za umeme, bodi ikinyanyuka inafika mbali kuliko dereva anavyodhani.

Guta la pikipiki ni la mizigo midogo sana, mifuko michache au marumaru za jikoni, na kwenye vichochoro ambako kenta haiingii halina mpinzani. Ukiwa uchochoroni kabisa fanya hivi, guta au mkokoteni vitoe mzigo mpaka barabarani, kenta ipakie pale. Ila kabla ya kumwaga kifusi barabarani ongea na mwenyekiti wa mtaa, na kitoke siku hiyohiyo.

Vitu vyepesi hesabu inageuka. Matawi ya mwembe, makuti, magodoro, mabati ya zamani, hapo hata kirikuu inafaa sana, uzito hamna, tatizo ni kujaa, kwa hiyo tafuta yenye vyuma virefu pembeni, katakata matawi yalale vizuri. Na mabati na nondo usilipie mtu akubebee, wa chuma chakavu wanakuja na mizani yao wananunua hapohapo mlangoni. Boriti za nyumba za zamani zikiwa nzima nazo zina wenyewe.

Kinachoniuma ni kifusi kinakoishia. Yule wa kirikuu tulikubaliana kinaenda dampo, nikalipa ya dampo. Kesho yake jirani ananiita "Dada, mbona marumaru zako ziko kule mtaroni?" Nikaenda, kweli, zile za bluu za chooni, mtaa wa pili tu, kwenye mtaro unaopokea maji ya mitaa yote ile. Masika ikija maji hayo yanaingia ndani kwa watu. Nikatafuta watu nikazitoa kwa hela yangu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza kutupa taka ovyo, na ukiacha sheria, wale ni majirani zangu. Kwa hiyo siku hizi namtuma mtu apande na gari mpaka linaposhushia, na nusu ya hela inatoka gari likirudi. Wa kenta hakununa hata kidogo, akasema ndo vizuri.

Dampo la jiji ni Mpirani. Ila kabla hujalipia umbali huo ulizia mtaani, kifusi kisafi cha tofali na zege kinatafutwa sana, kuna wenye viwanja vya bondeni wanajazia, kuna anayetaka kujaza msingi kabla ya jamvi, yaani zege la sakafu. Changu cha ukuta kilichukuliwa hapa hapa jirani, nikalipia gari tu na safari ilikuwa fupi. Masharti ni kiwe kisafi, ukishachanganya na mifuko ya plastiki, nyaya, vioo vya madirisha na uchafu wa jikoni hakuna atakayekipokea, kwa hiyo tenganisha tangu siku ya kwanza nyundo inapoanza, lundo la zege huku, takataka kule.

La mwisho ni la paa. Banda letu lilikuwa na vipande vya yale mabati ya zamani ya kijivu ya asibesto, yanafanana na saruji iliyokunjwa mawimbi. Hayo usiyavunjevunje ili tu yapate kuenea kwenye kirikuu, vumbi lake ukilivuta linakaa mapafuni na linaleta saratani miaka mingi baadaye, na kijana anayevunja kwa nyundo kifua wazi hajui. Tuliyalowesha maji, tukayafungua misumari mojamoja yakatoka mazima, tukayafunga kwenye nailoni nene, na yamelala peke yake nyuma ya nyumba, hayajachanganywa na kifusi, mpaka afisa afya wa jiji atuelekeze. Dereva wa kenta nilipomuonyesha alisema hayo hapakii mpaka apate maelekezo, na kwa hilo pia namsifu.