Nauli kwa Gunia: Tathmini ya Usafirishaji wa Viazi kutoka Njombe hadi Dar es Salaam

Kampuni ninayoitathmini hapa sitaitaja jina, kwa sababu namna yake ya kufanya kazi ndiyo inayofuatwa na wasafirishaji wengi wa mazao, na sioni haki kumbebesha mmoja lawama ya wote. Huduma yenyewe ni kubeba viazi mviringo kwa semi-trela kutoka Njombe hadi Dar es Salaam, safari ya takriban kilomita 700, kwa nauli inayotozwa kwa kila gunia. Simu wanapokea, lori linakuja kupakia siku waliyoahidi, na nauli yao iko chini kuliko ya karibu kila mshindani wao. Hayo nawapa bila kinyongo. Tatizo ni kwamba unafuu huo unatokana na mzigo kuzidi uwezo wa lori, kisha lori hilohilo kukimbizwa ili kufidia muda ambao mzigo umeupoteza.

Chanzo ni jinsi nauli inavyokokotolewa. Ukilipia gunia, wala si kilo, kila mfanyabiashara anapata sababu ya kulinenepesha gunia lake, naye mwenye lori anapata sababu ya kuongeza idadi ya magunia mpaka turubai ligome kufunika. Hakuna kati yao anayehitaji mizani. Gunia la viazi kisheria halipaswi kuzidi kilo 100, lakini lumbesa lililojazwa mpaka mdomoni, likaongezewa kilemba cha viazi juu na kushonwa kwa kamba, hufika kilo 130 bila kumshangaza mtu. Magunia yangu huwa nayapima shambani kabla hayajashonwa, na kwenye lori lile yalikuwa yamechanganywa na ya wafanyabiashara wengine ambao dalali aliwakusanya barabarani. Ukiyatazama yamesimama pamoja, yangu yalionekana kama watoto waliofuatana na wajomba zao.

Hesabu yake ni rahisi. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli (mhimili unaoshika magurudumu) ya usukani, tani 18 kwenye ekseli mbili za nyuma za kichwa (gari la mbele linalovuta trela), na tani 24 kwenye ekseli tatu za trela zenye matairi pacha. Kwa semi-trela ya ekseli sita jumla ni tani 50, na hata gari likiwa na ekseli zaidi ya hizo, ukomo wa juu kabisa ni tani 56. Kichwa na trela vikiwa vitupu vinakaribia tani 20, kwa hiyo mzigo halali ni kama tani 30, yaani magunia 300 ya kilo 100. Yajaze magunia hayohayo 300 kwa kipimo cha lumbesa, na lori lina tani 39 mgongoni bila idadi kuongezeka hata gunia moja. Karatasi ya dalali itasoma 300, na kwa macho ya karatasi hiyo lori liko sawa.

Nilisafiri na mzigo wangu, mwenyewe nikiwa kwenye kebini. Wapakiaji walitanguliza lumbesa chini kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuzipandisha juu, na magunia yangu mepesi yakarushwa safu ya mwisho. Nilimwuliza dalali kama mzigo umepimwa popote. Alicheka na kusema, "Mama, haya ni magunia, siyo dhahabu." Tandiboi, msaidizi wa dereva, alikuwa ameinama nyuma ya trela akitazama tairi za ndani, zile ambazo mwenye lori hazioni kirahisi, mbili kati ya zile pacha zilikuwa zimebonyea kiasi cha kugusana ubavuni. Tairi pacha zinazogusana husuguana na kuchemka, na hupasuka zikiwa mwendoni. Alilisema hilo kwa sauti ya chini, kisha akapanda garini.

Kwenye mizani ya kwanza uzito ulizidi, jambo ambalo halikuhitaji unajimu. Sheria haiachi mwanya mkubwa hapo: lori huegeshwa, uzito unaozidi hutozwa, na mzigo hupangwa upya au hupunguzwa kabla ya kuruhusiwa kuendelea. Yaliyoshushwa ni yale yaliyokuwa juu. Kwa maneno mengine, magunia ya kilo 100 yalibaki yadini kusubiri gari jingine, na lumbesa zilizosababisha kosa zikaendelea na safari. Baadaye dalali alitupigia wafanyabiashara wote simu akidai mchango wa kulipia tozo, kila mmoja kwa idadi ya magunia yake. Nilikataa kulipa, na bado nakataa. Kampuni inayopokea mzigo, ikaupanga, ikalipwa nauli, haiwezi kuugeuza uzito kuwa deni la mteja ambaye magunia yake yamepimwa.

Wasafiri wengi hudhani kuzidisha mzigo na kukimbiza gari ni maovu mawili tofauti, la kwanza la tajiri mwenye lori na la pili la dereva. Kwa nilichokiona, la pili ni mtoto wa la kwanza. Tulipoteza saa nyingi pale mizani tukingoja vibarua, tukingoja hesabu, tukingoja pesa itumwe kwa simu. Viazi vya jumla huuzwa alfajiri, na lori linaloingia sokoni saa nne asubuhi hukuta wanunuzi wakubwa wameshaondoka. Mwenye lori alikuwa akipiga simu kila mara kuuliza tumefika wapi, kwa kuwa alikuwa na mzigo wa kurudi unaosubiri. Dereva, mtu mpole ambaye mwanzoni aliendesha kwa utaratibu mzuri, alinigeukia akasema, "Alfajiri isitukute Morogoro, mama." Kuanzia hapo mshale wa spidi haukurudi chini ya 90 kwenye tambarare, ingawa kikomo cha magari ya mizigo yanayozidi kilo 3,500 ni kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye maeneo ya makazi.

Tuliushuka mlima Kitonga usiku. Anayeifahamu barabara ile anajua kwamba ukitoka Iringa unaushuka ukiwa na mzigo mgongoni, kona juu ya kona, ukuta wa mawe upande mmoja na bonde upande wa pili. Utaratibu unaofundishwa ni kuingia mteremkoni kwa gia ndogo na kuiacha injini ilizuie gari, breki ya mguu ikiguswa kwa vipindi. Dereva wetu alianza hivyo. Palipolegea kidogo akaweka gia huru, lori likaserereka lenyewe ili kuokoa dizeli na dakika, na alipolirudisha kwenye gia harufu ya breki zilizoungua ilikuwa imeshajaa kebini. Ngoma za breki zikichemka, mshiko hupungua hata kama pedeli imekanyagwa mpaka chini, na anayekanyaga mara kwa mara kwa hofu humaliza pia upepo unaoziendesha breki hizo. Tandiboi alikuwa na gogo lake la kuzuia tairi miguuni, ameshika kitasa cha mlango.

Ugumu wa kulisimamisha lori hauongezeki kwa kipimo ambacho jicho linadhani. Uzito ukizidi kwa sehemu fulani, kazi ya breki huzidi kwa sehemu hiyohiyo. Lakini mwendo huhesabiwa kwa kujizidisha wenyewe, kiasi kwamba kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa kazi hiyo hupanda kwa zaidi ya nusu. Chukua lori la tani 59 badala ya 50, likiwa kwenye 100 badala ya 80, na breki zilezile zinatakiwa kumeza nguvu inayokaribia maradufu. Hapo sijataja tairi zilizozidiwa, wala kitovu cha uzito kinachopanda kila safu ya magunia inapoongezwa na kulifanya lori lilale kwenye kona. Barabara hii inajua matokeo. Machi 2015, eneo la Changarawe karibu na Mafinga, kontena lilidondoka kutoka kwenye lori juu ya basi la abiria, na watu zaidi ya 40 wakafa. (Lami nayo inalipa: ekseli yenye tani 12 badala ya 10 huiumiza takriban mara mbili, na mifereji ya matairi unayoikuta kwenye vilima vya barabara hii ndiyo risiti yake.)

Kibiashara pia ilikuwa hasara kwa wote. Magunia ya wenzangu yaliyokuwa chini, yakabebeshwa safu nyingi, yalifika yamelowa, viazi vimechubuka na kupasuka, na mnunuzi aliyakata bei mbele ya macho yangu. Yangu yaliyoachwa yadini yalifika baadaye, sehemu yakiwa yameanza kuota kijani kwa jua. Kwa huduma nzima natoa nyota moja na nusu kati ya tano. Ile nusu ni ya tandiboi.

Sasa natumia msafirishaji mwingine ambaye naye sitamtaja, asije akadhaniwa ananilipa. Anatoza kwa kilo. Lori hupita kwenye mizani ya kukodi kabla ya kuondoka, na mteja hupewa karatasi yenye uzito wa kila kundi la ekseli, kwa sababu lori linaweza kuwa halali kwa jumla likakamatwa kwa ekseli moja iliyobebeshwa vibaya. Gari lina kifaa kinachotuma mwendo wake ofisini, na nimemsikia dereva akipigiwa simu kwa kuzidisha 80. Nauli yake ni ya juu kwa mwenye lumbesa na karibu sawa kwa mwenye gunia halali, na tofauti ndogo iliyobaki naiona ikirudi kwa magunia yasiyochubuka.

Hata hivyo si huduma ya kusifia mpaka mwisho. Maturubai yao ni ya plastiki nzito isiyopitisha hewa, viazi hutoka jasho njiani, na ukiwaambia wanakujibu kwamba wateja wa saruji hawajawahi kulalamika. Ghala lao la kupokelea mzigo Dar es Salaam hufunguliwa saa mbili asubuhi, wakati ambao soko limeshakwisha nusu, hivyo lori linalofika saa tisa usiku kwa mwendo halali hulala nje ya geti likiwa na viazi vya watu. Nawapa nyota tatu na nusu, na wakiajiri mtu wa kufungua geti usiku nitaongeza ya nne.