Sandwichi za Kabwe: parachichi limefaulu, kuku ameangushwa na mkate

Jumamosi iliyopita tulikwenda watu wanne, marafiki tangu sekondari, kula sandwichi katika mgahawa wa ghorofa ya kwanza karibu na Kabwe, jijini Mbeya. Jina lake nimeliweka kando kwa kuwa malalamiko yangu mawili nimekwisha kumweleza msimamizi ana kwa ana. Mmoja wetu, ambaye kwao ni Tukuyu na hahesabu kuwa amekula mpaka aone ndizi au wali, alikuja shingo upande akisema kwamba mkate ni wa asubuhi na chai.

Sandwichi ya parachichi na yai, inayouzwa shilingi 7,000, ndiyo iliyomnyamazisha. Mpishi hutumia parachichi za Hass kutoka Rungwe, zile ambazo ganda lake lenye vipele huwa jeusi zikiiva na nyama yake ni nzito, kwa hiyo zikipondwa kwa ndimu na chumvi hutulia juu ya mkate bila kuulowesha. Slesi zilikuwa zimepakwa siagi kidogo na kukaushwa kwenye kikaango mpaka kingo zikawa za kahawia; kisu kilipopita tulisikia mkate ukivunjika, na kiini cha yai, kilichonyunyiziwa pilipili manga, kilikuwa bado laini katikati.

Ya kuku, shilingi 10,000, ndiyo lalamiko la kwanza. Kuku mwenyewe alichomwa vizuri na kuchambuliwa, lakini kachumbari iliwekwa bila kuchujwa maji, tena juu ya mkate ambao haukukaushwa, na kwa kuwa sahani zetu hazikuletwa kwa pamoja, niliyeletewa kwanza nikawangoja wenzangu kwa adabu. Baada ya dakika 15 slesi ya chini ilikuwa imenyonya maji yote ya nyanya: nilipoinua kipande, mkate ulibaki kwenye sahani na kuku akabaki mkononi. Anayeletewa kwanza na aanze kula. Kungojana kunafaa kwenye ugali. Kuchelewa huku kunaumiza zaidi wakati huu wa kipupwe, maana baraza lao liko wazi, na chipsi hupoa kabla hujamaliza kuomba tomato.

Ya jibini na nyanya, shilingi 6,000, haina la kusimulia.

Ninachowasifu ni kwamba kila sandwichi hukatwa vipande vinne bila kuombwa, kila kimoja kikiwa kimechomwa kijiti, hivyo tulizungusha sahani na kila mtu akaonja za wote. Kwa watu wanaotaka kukaa saa mbili wakizungumza, wakiwa na chai ya maziwa yenye tangawizi ya shilingi 1,500 kikombe, mpango huo ni mzuri kuliko kila mtu kuinamia sahani yake.

Lalamiko la pili ni bili. Tuliletewa karatasi yenye jumla tu, shilingi 42,000, bila mchanganuo. Tulipohesabu wenyewe sandwichi mbili za parachichi, moja ya kuku, moja ya jibini, chai nne na sahani moja ya chipsi ya shilingi 3,000, tulipata 39,000. Kumbe tumeandikiwa juisi ya pasheni ambayo hakuna aliyeiagiza. Msimamizi alirekebisha papo hapo, bila ubishi, akaomba radhi.

Yule wa Tukuyu aliagiza nyingine ya parachichi, akafungiwa, akailipia mwenyewe, kisha akatuongoza mtaa wa pili kwa mama lishe mwenye ndizi.