Redio ya UHF au laini ya simu kwa kazi ya RTK?

Wapimaji ardhi wa Tanzania hubishana kila mara: katika RTK, yaani upimaji wa setilaiti unaosahihishwa papo hapo, masahihisho yatoke kituo cha msingi (kipokezi kilichosimama sehemu moja) hadi kwenye rova (kipokezi anachotembea nacho mpimaji) kwa redio ya UHF, au kwa intaneti ya simu?

Kisheria, laini ni nyepesi. Leseni ya masafa ni ya kampuni ya simu. Wewe unanunua bando. Redio, kwa kawaida kati ya 410 na 470 MHz, inarusha mawimbi yako mwenyewe, hivyo uombe masafa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na uyalipie. Nawasihi wenzangu, msiwashe redio ya wati 35 kwenye chaneli iliyotoka nayo kiwandani. Huenda kuna walinzi wanaoitumia, na data ya RTK hutoka kila sekunde, kutwa nzima. Hata ukiwa na leseni, sikiliza chaneli kwanza. Ukisikia sauti ya mtu, usirushe. Shamba dogo la wazi, wati 1 au 2 mara nyingi hutosha.

Porini pasipo mnara, redio inashinda. Mjini majengo huikata. Redio kubwa inadai betri ya gari na mlingoti. Laini inadai salio.

Anayepima viwanja Dodoma mjini, laini yamtosha. Mwenye mashamba ya mbali mwaka mzima, alipie masafa.